Umeingia Bila Viza na Sasa Unataka Kubaki: Mlango Uliopitia Ndio Unaoamua

Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wenye muhuri wa mwisho. Wino umefifia pembeni, jina la kituo halisomeki vizuri, lakini tarehe ya kuingia ipo. Katika nchi nyingine utakuta tarehe ya pili chini yake, pengine imeandikwa kwa kalamu na ofisa aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake. Hiyo ya pili ndiyo mwisho wa ruhusa yako. Wengi huitazama kwa makini kwa mara ya kwanza zikiwa zimebaki siku tano: safari imenoga, au ndugu waliyekuja kumuuguza bado yuko kitandani, au shirika la ndege limesogeza safari ya kurudi. Hapo ndipo wanapouliza, "Hivi viza inaongezwaje hapa?"

Swali hilo limekosea tangu neno la kwanza. Aliyeingia kwa msamaha wa viza hana viza ya kuongeza. Alicho nacho ni ruhusa ya kukaa, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kubisha hodi. Ruhusa ya kukaa ni ile "karibu" unayoambiwa ukishafunguliwa, na karibu hiyo ina kikomo chake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na viza ya Marekani inayodumu miaka kumi na bado akatakiwa kuondoka baada ya miezi sita, kwa sababu kinachotawala siku zake za ndani ni tarehe iliyo kwenye rekodi yake ya kuingia, inayoitwa I-94, wala si tarehe iliyochapwa kwenye viza. Wewe uliyesamehewa viza umerukishwa hatua ya kwanza tu. Ya pili iko palepale.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza namna ya kuongeza muda, uliza: nimeingia kwa kifungu gani? Nimeona watu wakipoteza wiki nzima wakikusanya fomu na picha kumbe mlango waliopitia hauna nyongeza kabisa, na wengine wakikata tiketi ya kuondoka kwa haraka ilhali wangeenda ofisi ya uhamiaji wangeongezewa mwezi.

Marekani inaonyesha jambo hili vizuri kuliko nchi nyingi. Wasafiri wawili wameshuka ndege moja. Wa kwanza alikwenda ubalozini, akalipa, akahojiwa, akapewa viza ya utalii ya B-2. Wa pili anatoka kwenye nchi iliyo katika mpango wa msamaha wa viza, kwa hiyo amejaza kibali cha ESTA mtandaoni na kupanda ndege. Wa kwanza kwa kawaida hupewa miezi sita, na kabla haijaisha anaweza kujaza fomu ya I-539 kuomba aongezewe. Wa pili hupewa siku 90 na basi. Hakuna nyongeza, na kwa kawaida hakuna kubadili hadhi awe mwanafunzi au mfanyakazi akiwa ndani. Zaidi ya hapo, kwa kuingia kwa njia hiyo amekubali kwamba akitakiwa kuondolewa nchini hatapinga mbele ya hakimu wa uhamiaji, isipokuwa kama anaomba hifadhi. Mwenye pasipoti inayoaminika zaidi ndiye mwenye nafasi finyu zaidi ya kujitetea. Akiugua ghafla au safari za ndege zikisimama, kuna dirisha dogo: anaweza kuomba muda wa hadi siku 30 za kuondoka kwa utaratibu bila kuhesabiwa kuwa amepitiliza. Huo ni muda wa kufungasha mizigo, si wa kuendelea na matembezi.

Indonesia ina kichekesho kama hicho. Raia wa nchi jirani wa jumuiya ya ASEAN huingia bure kwa siku 30, na siku hizo haziongezwi. Mgeni wa mbali anayelipia viza pale anapowasili naye hupewa siku 30, lakini yake inaweza kuongezwa mara moja kwa siku nyingine 30. Wawili hao wamekaa hoteli moja na wana idadi ileile ya siku. Aliyelipa ndiye mwenye njia ya kubaki. Katika nchi ambako mtu anaweza kuchagua kati ya kuingia bure na kulipia, na anajua kwamba mwezi mmoja hautamtosha, bure inaweza kumgharimu.

Kisha nenda Ufilipino ukute mambo yamegeuka. Huko wageni wengi huingia bila viza kwa siku 30, halafu Idara ya Uhamiaji huwaongezea, kwanza siku 29, baadaye miezi kadhaa kwa mkupuo, na aliyeingia bila viza anaweza kuendelea hivyo hadi miezi 36. Mexico nayo ina njia yake: ofisa wa mpakani anaweza kukupa hadi siku 180, lakini akikuandikia 30 ndizo hizohizo, kwa sababu ruhusa ya mgeni wa kawaida haiongezwi. Mazungumzo ya sekunde arobaini pale dirishani, ukiwa na tiketi ya kurudi mkononi au huna, yanaweza kuamua miezi mitano ya maisha yako.

Siku 90 zisizo miezi mitatu

Watu huchanganya siku 90 na miezi mitatu kana kwamba ni kitu kimoja. Ingia tarehe 1 Julai, ondoka tarehe 30 Septemba, na kwa hesabu ya kalenda umekaa miezi mitatu kamili. Kwa hesabu ya uhamiaji umekaa siku 92. Siku yako ya 90 ilikuwa tarehe 28 Septemba. Nchi nyingi zinazotoa ruhusa kwa siku huhesabu siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili, hata kama ndege ilitua dakika tano kabla ya saa sita usiku.

Ulaya ya Schengen, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, ndiyo inayotoa watu jasho zaidi. Eneo hilo sasa lina nchi 29, na kwa mgeni asiyehitaji viza zote zinahesabiwa kama nchi moja: siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Neno lenye uzito hapo ni "chochote". Kipindi hicho hakianzi Januari wala siku uliyoingia kwa mara ya kwanza. Kinatembea nawe. Kila siku unayokuwa ndani, simama, geuka nyuma, hesabu siku 180 ukianza na ya leo, kisha jumlisha siku zote ulizokuwa ndani ya eneo hilo. Zikizidi 90, umepitiliza.

Tuchukue mfano mwepesi kwanza. Mtu ameingia 1 Machi na kutoka 29 Mei. Machi siku 31, Aprili 30, Mei 29: jumla 90. Akitaka kurudi Juni hawezi, kwa sababu akigeuka nyuma zile 90 zote bado zinaonekana. Siku ya kwanza anayoweza kuingia tena ni 28 Agosti, ambapo ile 1 Machi imeshatoka kwenye dirisha. Tangu hapo kila siku mpya anayokaa inasukuma nje siku moja ya zamani, hivyo ana 90 nyingine mbele yake.

Mfano wa pili ndio unaonasa watu. Mtu alikwenda kwa siku kumi, 1 hadi 10 Januari, mkutano tu. Akarudi 1 Aprili kwa likizo ndefu akiamini ana siku 90 mpya, maana muhuri ni mpya. Hana. Zile kumi za Januari bado zinahesabiwa, kwa hiyo amebakiwa na 80, na siku yake ya mwisho ni 19 Juni. Akikata tiketi ya 29 Juni kwa hesabu ya 90 kutoka Aprili, anafika kwenye dirisha la ofisa akiwa amepitiliza siku kumi bila kujua. Akiondoka 19 Juni kama inavyotakiwa, siku zile za Januari zitaanza kumrudia moja moja kuanzia 30 Juni. Subira ya siku kumi nje, naye ana siku kumi za kurudi.

Muhuri wa Schengen haukusaidii katika hilo. Wa kuingia una pembe kali, wa kutoka una pembe za mviringo, na kona moja kuna picha ndogo ya ndege, gari, treni au meli kuonyesha ulivyosafiri. Tarehe ya mwisho ya kukaa haimo. Kuhesabu ni kazi yako, na ofisa alikuwa akifanya hivyo kwa kupekua kurasa. Zama hizo zinapita: tarehe 12 Oktoba 2025 ulianza kutumika, kwa hatua, mfumo wa EES unaosajili alama za vidole na picha ya uso wa mgeni, na kurekodi kila anapoingia na kutoka. Kompyuta ndiyo inayohesabu sasa, nayo haisahau ukurasa.

Je, 90 hizo zinaongezwa? Kwa kanuni, hapana, ila kuna nyufa. Nchi mwanachama inaweza kumruhusu mgeni kubaki zaidi katika ardhi yake kukiwa na sababu zisizo za kawaida: ugonjwa unaomzuia kusafiri, msiba, safari zilizofungwa. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa janga la korona, mlango huo ulitumika sana. Kuna pia mikataba ya zamani baina ya nchi na nchi iliyokuwepo kabla ya Schengen. Raia wa New Zealand, kwa mfano, wana mikataba na mataifa kadhaa ya Ulaya inayowapa miezi mitatu katika nchi husika bila kujali siku walizokaa kwingine. Anayetegemea mkataba wa aina hiyo aulize mamlaka ya nchi husika kwanza, apate jibu la maandishi na alitie kwenye begi la mkononi, kwa sababu ofisa wa mpaka wa nchi nyingine hana wajibu wa kuujua.

Na wale waliozoea kutoka Schengen kwenda kusubiri siku zao Croatia, Romania au Bulgaria, njia imefungwa. Croatia iliingia Schengen mwaka 2023, na nyingine mbili zikaanza kujiunga 2024. Ushauri wa mwaka 2021 ambao bado unazunguka mitandaoni utakutia matatani.

Kuvuka mpaka na kurudi

Njia inayopendwa kuliko zote haihitaji fomu: unapanda basi asubuhi, unavuka mpaka, unakunywa chai upande wa pili, unarudi jioni na muhuri mpya. Kuna nchi ambako hilo linafanya kazi bila maneno mengi. Georgia imewapa raia wa nchi nyingi mwaka mzima bila viza, na aliyetoka na kuingia tena huanza mwaka mwingine.

Kwingine wamelistukia. Thailand iliweka kikomo: anayeingia kwa msamaha wa viza kupitia mipaka ya nchi kavu hupewa nafasi mbili tu kwa mwaka wa kalenda, na hata uwanja wa ndege ofisa akiona mihuri imejaa anaweza kukuuliza unaishi kwa kutegemea nini. Marekani ilishaliziba kwa aliyeingia kwa msamaha wa viza: safari fupi ya kwenda Canada, Mexico au visiwa vya karibu kwa kawaida haianzishi siku 90 mpya, zilezile za mwanzo zinaendelea kukatika ukiwa huko. Uingereza haina hesabu ya siku katika mwaka kwa watalii wake, lakini kanuni zake zinasema wazi kwamba mgeni asiifanye nchi hiyo makazi kwa kuja mara kwa mara au mfululizo. Miezi sita, wiki moja nje, miezi sita tena: hakuna namba uliyoivunja, na bado unaweza kurudishwa na ndege iliyokuleta.

Maoni yangu ni haya. Kuvuka na kurudi mara moja, kwa sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi mbili, si jambo la kuogopa pale sheria inaporuhusu. Kukiwa desturi, hiyo si safari tena, ni makazi yasiyo na karatasi, na maofisa wanaona mihuri kila siku kuliko wewe.

Maombi yenyewe

Tuseme mlango wako una nyongeza. Kinachoamua baada ya hapo ni muda, kuliko hata sababu. Maombi yanawasilishwa kabla ruhusa haijaisha. Ukifika siku moja baada ya tarehe, huombi nyongeza tena, unaomba msamaha. Canada inashauri uombe walau siku 30 kabla. Ada ni dola 100 za huko. Thailand ni kazi ya asubuhi moja: fomu ya TM.7, picha, pasipoti na nakala zake, baht 1,900 mkononi, na mara nyingi unatoka na muhuri mpya siku hiyohiyo. Wakikukataa hupewa siku saba za kuondoka. Brazil wanaoshughulika ni polisi wa shirikisho, na aliyepewa siku 90 kwa kawaida anaweza kuomba 90 zaidi, mradi jumla isipite 180 katika miezi 12. Japani ina mpangilio wa ajabu kidogo: raia wa nchi chache, wakiwemo Wajerumani, Waingereza na Waswisi, wamekubaliwa kwa mkataba kukaa hadi miezi sita bila viza, lakini mpakani hupewa 90 kama wengine, na ni lazima waende wenyewe ofisi ya uhamiaji kuomba hizo zilizobaki.

Lililo gumu ni kipindi cha kusubiri. Tarehe kwenye muhuri imepita, jibu halijaja, umekaa na risiti tu. Je, uko kihalali? Canada inasema ndiyo: aliyeomba kwa wakati anaendelea na hadhi yake ya awali mpaka uamuzi utoke, ila akitoka nje ya nchi ulinzi huo unakatika. Marekani, kwa aliyeruhusiwa kuomba na akaomba mapema, hesabu ya kukaa kinyume cha sheria husimama maombi yanaposubiri. Yakikataliwa, anatakiwa aondoke mara moja. Si kila nchi ina ukarimu huo. Kuna nchi ambako risiti ya maombi ni karatasi ya kawaida tu, na tarehe ikipita imepita. Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza ofisa wa dirishani, kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani.

Na barua ya maelezo? Hapa maombi mengi huharibikia. Mwombaji anaandika jinsi nchi ilivyo nzuri na watu wake walivyo wakarimu. Ofisa anayesoma anatafuta mambo mawili yanayovutana: kwa nini huwezi kuondoka tarehe ile, na kwa nini nikuamini kwamba utaondoka tarehe mpya. Ukisisitiza sana la kwanza, unaonekana mtu asiye na nia ya kurudi. Ukisisitiza la pili, unaonekana huna shida ya kubaki. Barua nzuri ni fupi na ina tarehe: daktari amesema mgonjwa ataruhusiwa wiki fulani, hii hapa barua yake, tiketi mpya ni ya tarehe hii, fedha za siku hizo ni hizi, hii taarifa ya benki, bima ya safari imesogezwa hadi siku hiyo. Omba siku unazozihitaji. Anayehitaji 20 akaomba 90 "kwa usalama" anampa ofisa sababu ya kumtilia shaka. Hakikisha pia pasipoti yenyewe haikaribii kuisha, maana nyongeza haiwezi kupita uhai wa pasipoti.

Tarehe ikishapita

Kuna imani kwamba kupitiliza ni suala la faini: unalipa uwanja wa ndege, yanaisha. Imani hiyo ilizaliwa na nchi kama Thailand, ambako faini ni baht 500 kwa siku na haizidi 20,000. Indonesia ni rupia milioni moja kwa kila siku, na ikizidi siku 60 si faini tena, ni kuondolewa na kupigwa marufuku. Hata pale faini inapopokelewa kwa tabasamu, kumbukumbu inabaki kwenye mfumo na itafunguka safari ijayo, pengine katika ubalozi wa nchi nyingine kabisa ambao fomu yake inauliza kama umewahi kupitiliza muda popote.

Afrika Kusini hawatozi, wanafunga mlango. Aliyepitiliza chini ya siku 30 anaweza kutangazwa mtu asiyetakiwa kwa miezi 12, na aliyezidisha siku 30 kwa miaka mitano. Marekani, kwa sheria ya 1996, aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa miaka mitatu. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, miaka kumi. Aliyetumia msamaha wa viza akapitiliza hata siku moja hupoteza haki ya kuutumia tena, na safari zake zote zinazofuata zitaanzia kwenye foleni ya ubalozi.

Aliyegundua leo kwamba tarehe yake ilikuwa juzi asijifiche akisubiri wazo zuri. Kwa Thailand tofauti imeandikwa kwa namba: anayejipeleka mwenyewe kuondoka kabla ya kuzidisha siku 90 hulipa faini yake bila marufuku, ilhali anayekamatwa mtaani, hata kama amepitiliza wiki moja, hufungiwa miaka mitano.